Kuseti kabureta za pikipiki na kwadi za zamani za mashindano: uliza kwanza mkono ulikuwa wapi

Mtu akisema tu mashine yake inakata pumzi akivuta mafuta, watu kumi wa kwanza watamjibu "ongeza meni jeti", yaani weka kubwa zaidi kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Jibu linatoka kabla hajaulizwa mkono, yaani ule mshikio wa kuvutia mafuta, ulikuwa umefika wapi wakati inakata, na kwa maoni yangu hapo ndo fujo yote ya kabureta inapoanzia. Anabadilisha meni jeti, hali inabaki vilevile, anabadilisha tena, mwisho anasema kabureta imekufa na kununua nyingine, na hiyo mpya nayo inakata palepale.

Ninaongelea hasa kabureta za slaidi, zile Mikuni VM, Keihin PJ na PWK, Dell'Orto, Amal za Waingereza, ambazo ziko kwenye tustroki (injini za mipigo miwili, oili inachanganywa kwenye petroli) za motokrosi za miaka ya 70 mpaka 90, kwenye mashine za barabarani kama Yamaha RD na zile TZ za mbio, na kwenye kwadi, zile za magurudumu manne, kama Honda TRX250R ya 1986 mpaka 1989, Suzuki LT250R, na Yamaha Banshee. Kabureta hizi hazina sensa wala kompyuta. Hazijui uko gia ya ngapi. Ukizungusha mkono waya unanyanyua slaidi, kile kizibo kinachopanda na kushuka, hewa inapita chini yake, petroli inafuata, basi. Kwahiyo swali la kwanza siku zote ni slaidi ilikuwa imenyanyuka kiasi gani. Resi, yaani kasi ya injini kuzunguka, ni swali la pili.

Tuanze na petroli inavyofika kwenye koo maana hapa wengi wanapita haraka. Kabureta ni bomba lenye sehemu nyembamba katikati, mimi naita koo. Hewa ikibanwa kwenye koo inakimbia zaidi na presha yake inashuka, hilo jambo lilielezwa na mwanafizikia wa Italia Giovanni Battista Venturi mwaka 1797 na ndo maana hilo koo linaitwa venturi. Chini ya koo kuna bakuli la petroli, na juu ya ile petroli kuna hewa yenye presha ya kawaida ya nje. Presha ya koo ikishuka, ile presha ya nje ndo inaisukuma petroli ipande kwenye jeti. Inasukumwa kutoka chini, haifyonzwi kama soda kwenye mrija (hata soda kwa kweli inasukumwa, ila tuache). Hii sio ubishi wa bure. Vile vimipira vya kupumulia vinavyoning'inia pembeni ya kabureta vikiziba tope, presha ya kusukuma inapotea na injini inakosa mafuta hata kama tenki limejaa na jeti ni mpya. Mtu anayekimbiza kwadi kwenye matope akisema inakufa kila akiingia kwenye maji, angalia vimipira kabla hujagusa kitu kingine.

Kiasi kinachotakiwa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli ili vyote viungue viishe, lakini injini inatoa nguvu zaidi ukiwa kwenye 12.5 mpaka 13 hivi. Tustroki ya mashindano inasetiwa upande wa mafuta mengi kidogo kwa sababu petroli inapoozesha pistoni na ndo inayobeba oili. Mchanganyiko ukiwa na mafuta mengi naita mzito, ukiwa na hewa nyingi naita mwepesi. Mzito unakuchafulia plagi na kukupunguzia nguvu. Mwepesi unakutoboa pistoni. Kwahiyo ukiwa na shaka, kosea upande wa mzito.

Nani anatawala wapi

Chukua kipande cha selotepu nyeupe, bandika kwenye mshikio wa mafuta, kingine kwenye kasha lisilozunguka, alafu chora mistari: umefungwa, robo, nusu, robo tatu, wazi kabisa. Kazi ya dakika tano na ina thamani kuliko boksi zima la jeti. Watu huwa wanabisha kwamba wanajua mkono wao uko wapi. Hawajui. Ukiwa juu ya mashine unadhani umevuta nusu kumbe uko kwenye robo, hasa kwenye kwadi zinazovutwa mafuta kwa kidole gumba.

Mkono ukiwa umefungwa mpaka kwenye robo hivi, mafuta yanatoka kwenye jeti ndogo, pailoti, pamoja na ile skrubu ya pembeni. Kuanzia moja ya nane mpaka robo na kidogo mbele yake, mkato ulio chini ya slaidi unaingia kazini. Robo mpaka robo tatu ni sindano inayoning'inia chini ya slaidi na jeti ya sindano, yaani ule mrija wa shaba ambao sindano inaingia. Robo tatu mpaka mwisho ni meni jeti. Mipaka hii sio ukuta, kila mmoja anamwingilia mwenzake kidogo, meni jeti inaweza kugusa hata kwenye nusu, ila mwenye usemi mkubwa kwenye kila eneo ni huyo niliyemtaja.

Kwanini meni jeti haisemi kitu kwenye robo? Fikiria bomba lenye koki mbili, moja kubwa na mbele yake nyingine ndogo, ukifungua ile kubwa zaidi maji hayaongezeki maana ndogo ndo inabana. Hapa koki ndogo ni ule mwanya kati ya sindano na mrija wake. Kwenye Mikuni mrija wenye alama P-2 una tundu la milimita 2.660. Tuseme sindano sehemu yake iliyonyooka ni milimita 2.5, mwanya unaobaki una eneo la milimita za mraba 0.65 tu, wakati meni jeti yenye tundu la milimita 1.5 ina eneo la 1.77, karibu mara tatu. Slaidi ikiwa chini, mwanya ndo unaamua. Sindano ikipanda, ile ncha yake iliyochongoka inaufungua mwanya, mpaka mwanya unakuwa mkubwa kuliko jeti, na hapo sasa meni jeti inachukua usukani.

Kutoka kwenye hesabu hiyohiyo unaona ugonjwa wa kabureta za zamani ambao watu wengi hawaujui. Sindano inatetemeka ndani ya mrija wa shaba miaka na miaka, inaula. Tundu la 2.660 likiliwa mpaka 2.690, yaani milimita 0.03 tu ambazo macho hayaoni, mwanya unatoka 0.65 kwenda 0.77, ongezeko la karibu asilimia 19 ya mafuta kwenye eneo lote la sindano. Mashine inakuwa nzito katikati, inapiga blu-blu-blu kwenye kona, mwenye nayo anashusha sindano, anashusha tena, klipu inayoshikilia sindano inafika mwisho juu na bado nzito. Hapo usitafute sindano ya ajabu, badilisha mrija na sindano pamoja, weka namba zilezile za kiwanda. Mashine ya miaka 30 ambayo haijawahi kubadilishwa hivyo vitu viwili haina maana kuiseti kabisa, unaseti kitu kisichokuwepo.

Kuhusu klipu, kosa la kila siku: klipu ikishushwa kwenye mfereji wa chini wa sindano, sindano inapanda, mchanganyiko unakuwa mzito. Klipu juu, sindano chini, mwepesi. Mifereji inahesabiwa kuanzia juu. Na mkato wa slaidi, namba ikiwa kubwa mkato ni mkubwa, hewa nyingi, mwepesi. Mikuni wanaandika mkato kwa milimita, 2.5 ni milimita 2.5, Amal wao wanaandika kwa sehemu za kumi na sita za inchi kwahiyo 3 yao ni 3/16 ya inchi. Slaidi ni ghali na haibadilishwi mara nyingi, kama mashine haijabadilishwa sana ile ya kiwanda huwa iko sawa.

Kabla hujafungua boksi la jeti

Sasa hapa ndo nitakaa sana maana nusu ya mashine zinazoletwa "kusetiwa" hazihitaji kusetiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nzima nikibadilisha pailoti kwenye tustroki moja ambayo resi yake ilikuwa haitaki kushuka, ukiachia mafuta inabaki inalia juu kama imeshikwa, sekunde tatu, nne, alafu ndo inashuka. Nikaongeza jeti, ikapungua kidogo, nikaongeza tena, ikaanza kuchafua plagi lakini resi bado inaning'inia. Siku ya tatu nikaukunja ule mpira unaounganisha kabureta na silinda, ukafunguka mpasuko kama mdomo. Mashine ilikuwa inavuta hewa ya bure pembeni na mimi nilikuwa naifidia kwa petroli.

Hewa ya bure ndo muuaji wa tustroki. Inaingia kwenye mpira uliopasuka, kwenye gasketi ya ridi (vali ya kuingizia mchanganyiko), kwenye o-ringi, na mahali pabaya kuliko pote, kwenye sili za krankshafti. Sili ya upande wa moto, yaani upande wa flaiwili, ikivuja inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, hakuna moshi wala dalili ya nje, injini inakuwa tu na joto na siku moja inanoki, yaani pistoni inanata ndani ya silinda. Sili ya upande wa klachi ikivuja inavuta oili ya gia boksi, unaona moshi mzito mweupe na oili ya gia inapungua bila kumwagika. Mtu akiona huo moshi anadhani mchanganyiko ni mzito na anapunguza jeti! Ameshaua mashine hapo.

Dawa ni kupima kwa presha. Unaziba egzosi, unaziba mdomo wa kabureta, unajaza hewa psi 6 ndani ya injini na kuangalia geji. Mafundi wa tustroki wanataka ikae bila kushuka kwa dakika sita, wengine wanakubali ikishuka chini ya psi moja kwa dakika. Usizidishe presha, utazitoa sili zenyewe. Ikishuka, paka maji ya sabuni kila kiungo, povu litakuonyesha. Nasema wazi, injini ya zamani ya mbio ambayo haijapimwa hivi mimi siigusi jeti zake.

Alafu floti, kile kiboya ndani ya bakuli kinachofunga petroli likijaa. Usawa wa petroli kwenye bakuli unaathiri kila kitu, maana ukiwa chini petroli ina safari ndefu ya kupanda mpaka kwenye koo, mashine yote inakuwa nyepesi, ukiwa juu yote inakuwa nzito na kwenye miruko inamwaga. Unapima kabureta ikiwa imeinamishwa ili ule ulimi wa floti uguse tu pini ya vali bila kuikandamiza ile springi yake ndogo, ukiigeuza juu chini kabisa uzito wa floti unabonyeza springi na kipimo kinakudanganya. Angalia na ncha ya ile vali, ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, tupa.

Koki ya tenki na tundu la kofia ya tenki usivisahau. Mashine inayokimbia vizuri mkono wazi kabisa kwa sekunde kadhaa alafu inaanza kulegea polepole kama mtu anaishiwa nguvu, mara nyingi bakuli linaisha mafuta haraka kuliko koki inavyojaza. Hakuna jeti itakayotibu hilo. Na usafi: pailoti ina kitundu kidogo sana, petroli ikikaa miezi inaacha gundi. Usichokonoe na waya wa chuma maana shaba ni laini, utapanua tundu na namba iliyoandikwa itakuwa uongo. Petroli zenye ethanoli ni mbaya zaidi kwa kabureta za zamani, zinavuta unyevu na zinakula mipira ya enzi hizo, na pia ethanoli inahitaji hewa kidogo kuliko petroli ili iungue, kwahiyo mashine iliyosetiwa kwa petroli tupu ikiwekewa hiyo inakuwa nyepesi kidogo.

Mpangilio wa kuseti

Injini imeshapimwa, chujio la hewa safi, plagi mpya, taimingi sawa. Injini iwe imepata moto kamili maana ikiwa baridi itakudanganya. Kuna wanaoanza na pailoti, mimi naanza na meni jeti kwa sababu ndo sehemu inayoua, na kwa sababu meni jeti inagusa kidogo eneo la sindano wakati sindano haigusi sana meni jeti mkono ukiwa wazi. Anza na jeti kubwa kuliko unavyodhani inafaa. Vuta mkono mpaka mwisho kwenye gia ya juu, ikiwa inakoroma, haisafishi sauti, inapiga kama fostroki (injini ya mipigo minne), ni nzito, shusha hatua moja, rudia. Unatafuta pale inaposafisha sauti na kuvuta kwa nguvu mpaka mwisho wa resi, ukishapaona usiendelee kushusha. Kuna hatua moja zaidi ambayo mashine inaonekana kali mno, inakimbia kuliko zote, watu wanafurahi sana hapo, na ndo hatua ya mwisho kabla ya pistoni kuyeyuka.

Namba za jeti ni mtego. Watengenezaji wengine wanaandika kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, wengine wanaandika kiasi cha mafuta kinachopita. Jeti ya 150 ya huku sio 150 ya kule. Nunua za mtengenezaji wa kabureta yako, na zile seti za bei rahisi zisizo na jina mimi nimezipima kwa vijiti vya kupimia, mbili zenye namba tofauti zina tundu sawa.

Baada ya hapo pailoti. Kwanza tambua skrubu yako ni ya nini. Ikiwa upande wa chujio, nyuma ya slaidi, ni skrubu ya hewa, ukiilegeza mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa upande wa injini ni skrubu ya mafuta, ukiilegeza unakuwa mzito. Tustroki nyingi zina ya hewa, fostroki nyingi zina ya mafuta, lakini angalia ilipo, usikariri. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kuvutwa, zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka resi inapanda juu kabisa, alafu shusha sailensa kwa ile skrubu ya slaidi na urudie. Kwa skrubu ya hewa, kama sehemu nzuri iko chini ya mzunguko mmoja kutoka kufunga, pailoti ni ndogo, inaomba mafuta. Kama iko zaidi ya mizunguko miwili na nusu, pailoti ni kubwa. Kwa skrubu ya mafuta geuza mantiki hiyo.

Sindano mwisho. Endesha kwenye nusu ya mkono, gia ya tatu, ya nne, vuta na uachie. Ikivuta kwa kusita na sauti kavu ya "bwaaa" kabla ya kushika, ni nyepesi, shusha klipu. Ikipiga blu-blu-blu na moshi, ni nzito, pandisha. Ukichanganyikiwa, na tunachanganyikiwa sote maana kuzama kwa mwepesi na kuzama kwa mzito vinafanana, vuta choki kidogo, ile ya kuwashia injini baridi inayozidisha mafuta, wakati shida ipo. Ikipona, ilikuwa nyepesi. Ikizidi, ilikuwa nzito. Badilisha kitu kimoja tu kila safari na uandike kwenye daftari, pamoja na joto la siku hiyo.

Kuhusu kusoma plagi, rangi ya kahawia ambayo kila mtu anaizungumzia haina maana kama umeendesha mashine mpaka kwenye gereji ikiwa sailensa alafu ndo ukaitoa. Plagi inasomwa ikiwa mpya, unavuta mkono wazi kwa umbali wa kutosha, alafu unazima moto wa plagi kwa swichi na kukamata klachi kwa wakati mmoja, unaisukuma mashine kurudi. Na cha kusoma sio ncha, ni kule chini kabisa ambapo kaure inaingia kwenye chuma, panatakiwa kuwe na pete ya masizi. Hakuna pete, mwepesi. Inabidi ukate ganda la plagi uione vizuri, kwahiyo ndio, plagi inakufa kwa ajili ya sayansi. Petroli za siku hizi zisizo na risasi zinaacha rangi hafifu sana, kwahiyo mimi naamini zaidi kichwa cha pistoni: karibu na milango ya kuingizia mchanganyiko panatakiwa pawe pamesafishwa na petroli kidogo, na katikati pana masizi. Pistoni yote ikiwa kavu na ya kijivu, simama.

Hewa ya siku hiyo

Kabureta inapima ujazo wa hewa, haipimi uzito wake. Usawa wa bahari siku ya nyuzi 15 hewa ina kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ukipanda mita 1500 inabaki kama 1.06, asilimia 14 imepotea. Ila petroli nayo inapungua kiasi kwa sababu hewa nyepesi haiishushi presha ya koo sana kama hewa nzito, kwahiyo mchanganyiko unazidi uzito kwa asilimia 7 na kitu, sio 14. Kwa jeti zilizoandikwa kwa kiasi kinachopita, 200 inakwenda kama 185. Kwa zilizoandikwa kwa kipenyo, 180 inakwenda kama 175 tu, maana eneo linapungua haraka kuliko kipenyo. Watu wanaosahau hilo wanashusha jeti kupita kiasi mlimani, alafu wanarudi chini nazo.

Joto nalo hivyohivyo. Kutoka nyuzi 35 za mchana ulipojaribia mashine mpaka nyuzi 15 za asubuhi ya mashindano, hewa imekuwa nzito na mchanganyiko umekuwa mwepesi kwa zaidi ya asilimia 3. Seti iliyokuwa kali na salama mchana inakuwa kali na hatari asubuhi. Panda hatua moja, utashuka jua likitoka.

Na oili jamani. Ukiongeza oili kwenye petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi, hauwi mzito, kwa sababu kwenye kila tone linalopita kwenye jeti nafasi ya petroli imechukuliwa na oili. Ukitoka 32 kwa 1 kwenda 20 kwa 1 petroli imepungua asilimia 1.8 hivi. Kidogo, lakini mtu anayeongeza oili "ili kulinda injini" bila kupandisha jeti anafanya kinyume na alichokusudia. Chagua kiwango kimoja, useti nacho, usikibadilishe.

Banshee na mashine zingine zenye kabureta mbili zina kichekesho chake. Ile ni silinda mbili za tustroki, jumla ya cc 347, kila moja na Mikuni yake ya milimita 26. Slaidi zote mbili lazima ziondoke chini kwa pamoja. Ingiza kidole kila upande au tumia kioo, vuta mkono polepole, uone moja haitangulii. Ikitangulia, kila silinda iko kwenye eneo lake, moja kwenye pailoti mwenzake kwenye sindano, na unaposeti unasikia wastani wa injini mbili zisizokubaliana. Silinda moja inanoki, ya pili nzima kabisa, na mtu analaumu oili.

Fostroki za baadaye kidogo nitazipitia haraka. Zenye kabureta ya diaframu, ambapo mkono unafungua kipepeo (kisahani kinachoziba koo) na slaidi inanyanyuliwa na presha yenyewe, hazifuati ile mistari ya selotepu vizuri, hapo resi na mzigo vinahesabika kweli, na ukiona inazama anza kumulika diaframu kama imetoboka. Za Keihin FCR, kama ile ya milimita 39 kwenye Yamaha YFZ450 ya 2004, zina pampu inayorusha petroli ukivuta ghafla. Ikizama ukivuta ghafla tu lakini ukivuta polepole iko sawa, shida ni pampu, usiguse jeti.

Turudi kwenye tustroki, maana kuna kifo kimoja kinachomalizia hii habari ya mkono. Mtu anatoka kwenye mnyoofu mrefu, mkono wazi, injini inalia juu kabisa, anafika kwenye kona na kuufunga mkono ghafla huku akibaki kwenye gia. Tairi linaikokota injini kwa resi ileile, lakini slaidi imefungwa, petroli imekatika, na oili iliyokuwa ndani ya petroli imekatika nayo, pistoni ina joto la mnyoofu mzima na haina kinachoilainisha. Inanata, tairi la nyuma linafunga. Ndo maana waendeshaji wa tustroki za mbio walizoea kuweka vidole kwenye klachi muda wote. Kesho yake anaweka meni jeti kubwa zaidi, wakati injini ilinata mkono ukiwa umefungwa, eneo la pailoti. Kama meni jeti ilikuwa sawa kwenye pistoni, panda pailoti hatua moja, na ukifunga mkono mwisho wa mnyoofu kamata klachi na upige resi fupi fupi mpaka uingie kwenye kona.